Makato ya korosho Kibiti: kodi, ada au mchango?

Msimu wa korosho unapofunguliwa mkoani Pwani, mkulima wa Bungu, Mjawa au Mtawanya wilayani Kibiti hupeleka magunia yake kwenye chama cha msingi, hupewa stakabadhi, kisha husubiri mnada. Siku fedha zinapoingia, kiasi anachopokea kwa kilo si kile kilichotangazwa mnadani. Katikati kuna chama, kuna ghala, kuna usafiri, kuna halmashauri. Nyuma ya hayo yote kuna ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi, ambao mkulima hauoni popote kwenye karatasi yake ingawa unazidi ushuru wa halmashauri mara kadhaa.

Kila kato lina jina, lakini majina hayo hutumika ovyo. Fedha ile ile leo huitwa mchango wa kuendeleza zao, kesho huitwa ushuru, na ikifika bungeni huitwa mapato ya Serikali. Wengi huona hili kuwa ni suala la wanasheria kupiga soga. Si hivyo. Kama fedha ni kodi, inakuwa mali ya nchi nzima na inaweza kujenga daraja popote. Kama ni ada, aliyeipokea anadaiwa huduma. Kama ni mchango wa wenye zao, wenye zao wana haki ya kuuliza hesabu yake. Mkulima wa Kibiti amekuwa akilipa bila kuambiwa analipa kipi kati ya hivyo vitatu.

Mgogoro wa mwaka 2018 ulionyesha gharama ya kutojua. Hadi mwaka huo, ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa ulikuwa asilimia 15 ya thamani ya mzigo bandarini au dola 160 kwa tani, kwa kuchukua kile kilicho kikubwa. Sheria ya Tasnia ya Korosho ilielekeza asilimia 65 ya fedha hizo zirudi kuendeleza zao na asilimia 35 ziende Hazina. Sehemu iliyorudi ndiyo iliyogharamia pembejeo, miche na utafiti, ukiwamo ule wa kituo cha Naliendele. Juni 2018 Bunge lilibadili sheria, ushuru wote ukaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa mikoa ya kusini walipinga kwa ukali, wakisema hizo ni fedha za wakulima. Serikali ilijibu kuwa ni mapato ya umma kama mapato mengine. Kila upande ulizungumza kana kwamba jibu liko wazi.

Halikuwa wazi, na wala swali halikuwa jipya. Mahakama za nchi kadhaa zililazimika kulijibu katika miaka ya 1930, wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi. Pamba ya Marekani iliyouzwa kwa senti 17 hivi kwa ratili mwaka 1929 ilishuka chini ya senti 6 mwaka 1931. Mkonge wa Tanganyika ulipoteza zaidi ya nusu ya bei yake ndani ya kipindi hicho hicho. Serikali zikaingia sokoni. Zikaunda bodi za mazao, zikalazimisha wakulima kuuza kupitia mlango mmoja, zikakata sehemu ya mauzo kwa maelezo kwamba makato hayo ni kwa faida ya wakulima wenyewe. Baadhi ya wakulima na wafanyabiashara walikwenda mahakamani. Hukumu walizopata zinafaa kusomwa upya na yeyote anayekaa kwenye kamati ya bei ya korosho.

Kesi iliyo wazi kuliko zote ilitoka Australia. Jimbo la Victoria lilikuwa na bodi ya chikori, mzizi unaokaushwa, kusagwa na kuchanganywa na kahawa. Bodi hiyo ilimtoza kila mkulima pauni 1 kwa kila nusu ekari aliyopanda. Mwaka 1938 shauri la Matthews dhidi ya bodi hiyo lilifika Mahakama Kuu ya Australia. Utetezi wa bodi ulikuwa ule ule unaosikika leo kwenye mikutano ya wadau: hii si kodi, ni mchango wa kuendesha shughuli za wakulima. Jaji Mkuu Latham alitoa kipimo ambacho kimeendelea kunukuliwa tangu hapo. Fedha inayochukuliwa kwa lazima na chombo cha umma, kwa ajili ya shughuli za umma, kwa nguvu ya sheria, na isiyo malipo ya huduma aliyopewa mlipaji, ni kodi, hata ikiitwa kwa jina lipi. Majaji walio wengi waliona kuwa tozo hiyo ilikuwa kodi juu ya uzalishaji wa zao, na kwa kuwa katiba ya nchi hiyo hairuhusu jimbo kutoza kodi ya aina hiyo, ikafutwa.

Miaka michache kabla, Kamati ya Mahakama ya Baraza la Mfalme mjini London, ambayo wakati huo ndiyo ilikuwa ngazi ya mwisho ya rufaa hata kwa kesi za Tanganyika, iliamua shauri la maziwa kutoka British Columbia nchini Kanada. Wafugaji waliouza maziwa mabichi mjini walipata bei nzuri kuliko waliouza kwa viwanda vya siagi na jibini. Kamati iliyoundwa kisheria iliwakata wa kwanza ili kuwaongezea wa pili. Mwaka 1933 taarifa za sheria zilichapisha uamuzi huo, unaojulikana kwa jina la kampuni ya Crystal Dairy: makato hayo ni kodi, tena kodi isiyo ya moja kwa moja, na jimbo halina mamlaka nayo.

Hapo kwenye kodi isiyo ya moja kwa moja ndipo penye somo kubwa kwa korosho. Majaji wa London walikuwa wakitumia kipimo cha mwanauchumi John Stuart Mill. Kodi ya moja kwa moja hudaiwa kwa mtu yule yule anayekusudiwa kuibeba. Kodi isiyo ya moja kwa moja hudaiwa kwa mtu mmoja kwa matarajio kwamba atajifidia kwa mwingine. Ushuru wa korosho ghafi hudaiwa kwa msafirishaji, na yeye ndiye anayeandika hundi. Lakini msafirishaji anajua bei ya India au Vietnam, anajua gharama ya meli, anajua ushuru, na anapoandika bei yake kwenye mnada wa Pwani ameshatoa vyote hivyo. Kwa mfano wa hesabu tu, korosho yenye thamani ya dola 1,400 kwa tani bandarini ina ushuru wa dola 210. Ikiwa thamani ni dola 1,000, asilimia 15 ingekuwa dola 150, hivyo kiwango cha chini cha dola 160 ndicho kinachotumika. Maana yake ni kwamba bei inaposhuka chini ya takribani dola 1,067, ushuru haushuki tena pamoja nayo. Ni mwaka mbaya wa bei ndio unaomwacha mkulima na uzito mkubwa zaidi kwa uwiano.

Ni kweli kwamba ushuru huo una kusudi lingine, la kuwavutia wawekezaji kubangua korosho hapa nchini. Kusudi hilo lina mantiki. Mbanguaji wa ndani hununua malighafi kwa bei iliyopunguzwa na ushuru, na hiyo ni ruzuku yake. Ila isisahaulike ni nani anayetoa ruzuku hiyo. Si Hazina, ni mwenye mikorosho.

Sasa, mtetezi wa mkulima akisoma kesi hizi haraka haraka anaweza kuruka kwa furaha. Asiruke. Kesi maarufu kuliko zote za kipindi hicho inaelekea upande wa Hazina. Mwaka 1933 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kurekebisha kilimo chini ya Rais Franklin Roosevelt. Viwanda vya kuchambua na kusindika mazao vilitozwa ushuru, na fedha zake wakalipwa wakulima waliokubali kupunguza eneo la kilimo ili bei ipande. Mwaka ule wa kwanza zaidi ya ekari milioni 10 za pamba iliyokwisha kuota zililimwa na kufukiwa. Wasimamizi wa kiwanda kimoja cha nguo cha Massachusetts kilichofilisika, Hoosac Mills, walikataa kulipa ushuru huo. Januari 1936, kwa kura 6 dhidi ya 3, Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa ushindi katika shauri linaloitwa Serikali ya Marekani dhidi ya Butler. Jaji Owen Roberts, aliyeandika hukumu, aliona kwamba kodi kwa maana yake halisi ni kwa ajili ya kuendesha serikali. Kuchukua fedha za kundi moja kwa lengo la kulipa kundi jingine hakuwi kodi kwa kuitwa kodi.

Ukiipeleka hoja hiyo Dodoma, inamsaidia Waziri wa Fedha wa mwaka 2018 kuliko wabunge wa kusini. Ikiwa ushuru wa korosho ni kodi, basi kuingia Mfuko Mkuu wa Hazina ndiyo hali yake ya kawaida. Katiba ya Tanzania inasema vivyo hivyo. Ibara ya 135 inaelekeza mapato ya Serikali yaingie katika mfuko huo isipokuwa yale ambayo sheria imeyatenga kwa matumizi maalumu au kwa mfuko mwingine. Ibara ya 138 inasema kodi haitozwi ila kwa sheria ya Bunge au kwa utaratibu uliowekwa na sheria ya Bunge. Bunge lililotenga asilimia 65 lilikuwa na uwezo wa kuiondoa. Kisheria, wabunge wa kusini walikuwa na hoja dhaifu.

Kiuchumi walikuwa na hoja nzito, ila hawakuisema vizuri. Kama hii ni kodi tu, isiyodai kurudi kwenye zao, basi ipimwe kama kodi. Kwa nini mkulima mwenye ekari tatu za mikorosho Mchukwi abebe kodi ya asilimia 15 ya mauzo ghafi, bila kujali kama amepata faida au hasara, wakati jirani yake mwenye duka hulipa kodi kwa faida au kwa makadirio yaliyo madogo zaidi? Kodi ya mauzo ghafi haiulizi salfa ilinunuliwa kwa shilingi ngapi wala palizi ilichukua vibarua wangapi. Kilichofanya kodi hiyo ivumilike ni ile ahadi ya asilimia 65. Ahadi ilipoondolewa, kiwango kilibaki pale pale. Huo ndio udhaifu wa uamuzi wa 2018: si kwamba fedha zilikwenda Hazina, bali kwamba sababu ya kutoza iliondoka na tozo ikabaki na kiwango chake.

Aliyedhani mahakama ingeweza kumrudishia mkulima fedha hizo asome kilichofuata Marekani wiki moja tu baada ya hukumu ya Butler. Wasaga mpunga wa Louisiana walikuwa na shauri lao, Rickert Rice Mills dhidi ya Fontenot. Ushuru uliokuwa ukibishaniwa ulikuwa umezuiwa mahakamani. Mahakama ya Juu iliamuru urudishwe, na kwa jumla, kwa mazao yote, kiasi kilichokuwa kimezuiwa kwa namna hiyo kilikadiriwa kufika dola milioni 200. Kilirudishwa kwa nani? Kwa wenye viwanda, kwa kuwa wao ndio walioandikwa kama walipaji. Wengi wao walikwisha kujifidia zamani, ama kwa mkulima kwa kumpa bei ndogo, ama kwa mlaji kwa kumuuzia ghali. Bunge la nchi hiyo lililazimika mwaka huo huo wa 1936 kutunga kodi maalumu ya asilimia 80 juu ya utajiri huo wa bure.

Hali ingekuwa ile ile hapa. Mtu akishinda kesi ya kufuta ushuru wa korosho, hundi ya marejesho itaandikwa kwa jina la msafirishaji. Mkulima wa Kibiti hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba kilo zake 600 zilibeba ushuru wowote. Kwa hiyo dawa yake haiko mahakamani kwanza. Iko kwenye maandishi: ya sheria inayotaja sehemu inayorudi na kazi yake, na ya stakabadhi inayotaja kilichotoka.

Ushuru wa mazao wa halmashauri una tatizo la aina hiyo kwa kiwango kidogo. Mwaka 2017 Serikali ilifanya jambo jema kuupunguza kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Hutozwa mnunuzi, naye huutoa kwenye bei. Barabara za vumbi kati ya barabara kuu ya Kibiti na vijiji vya ndani ndizo zinazotakiwa kuwa jibu lake. Wakulima wanaweza kuziona au kutoziona kwa macho yao, na ndiyo maana ushuru huu, pamoja na manung'uniko yake, hueleweka zaidi kuliko ule wa bandarini.

Upande wa pili wa makato ni mlango mmoja wa kuuzia. Hapa pia miaka ya 1930 ina la kusema, ingawa si lote linalofaa kuigwa. Jimbo la Queensland lilikuwa na bodi ya karanga ambayo kwa sheria ilikuwa mmiliki wa karanga zote za wakulima mara zinapovunwa, iziuze kwa pamoja na kugawa mapato. Mwaka 1933, katika shauri la bodi hiyo dhidi ya Bodi ya Bandari ya Rockhampton, Mahakama Kuu ya Australia iliona kuwa utaratibu huo ulivunja ibara ya katiba inayolinda uhuru wa biashara baina ya majimbo. Bodi ikashindwa. Lakini Kanada, baada ya kushindwa kwenye maziwa, ilirudi na sheria iliyoandikwa vizuri zaidi. Mwaka 1938, katika shauri la Shannon, majaji wa London waliikubali. Safari hii fedha zilizokatwa ziliandikwa kuwa ada za leseni za kuendesha mpango wenyewe, si kuchota kwa huyu na kumpa yule. Bodi za mazao za Kanada zina mizizi humo.

Tanganyika ilipita njia yake. Sheria ya Vyama vya Ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata ukasajiliwa ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, KNCU. Wachagga wakalazimishwa kuuza kahawa yao kupitia ushirika huo pekee. Bei zilipokuwa mbaya, mashaka juu ya makato yakageuka hasira, na mwaka 1937 zikazuka fujo zilizofunga maghala. Serikali ya kikoloni ilijibu kwa kutunga sheria ya kudhibiti na kuuza kahawa ya wenyeji mwaka huo huo. Yaani pale ambapo Kanada iliambiwa na majaji irekebishe makato yake, Tanganyika ilipewa sheria kali zaidi. Bonde la Rufiji lilikwisha kuonja jambo la jinsi hiyo mapema zaidi, kwenye mashamba ya pamba ya kulazimishwa ya Wajerumani. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 katika vilima vya Matumbi, kusini kidogo ya mto huo, na pamba hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu zake.

Stakabadhi ghalani si pamba ya Mjerumani. Sheria yake ya mwaka 2005 ilikuja kumwokoa mkulima na kangomba, yaani yule mnunuzi wa mlangoni anayepima kwa kopo na kulipa nusu bei wakati wa njaa. Hata kangomba mwenyewe ana historia ya kisheria. Utawala wa Kiingereza uliweka sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji: mwenye duka asiye Mwafrika hakuweza kumdai Mwafrika mahakamani deni ambalo halikuandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Nia ilisemwa kuwa ni kumlinda mwenyeji. Matokeo yake ni kwamba mwenye duka alikopesha hivyo hivyo, ila alijilinda kwa bei: nipe mavuno yako kwa bei ninayotaka mimi. Mkopo usiotambuliwa na sheria hulipwa kwa punguzo la bei, na ndivyo kangomba anavyofanya hadi leo. Kumkamata hakujazi pengo lake. Pengo lake ni fedha ya mwezi Agosti, wakati mikorosho imechanua na akiba ya chakula imekwisha.

Mkulima wa vijiji vya delta, upande wa Mbwera, ana sababu ya ziada ya kumsikiliza kangomba. Gunia lake lazima lipande chombo, lifuate maji kujaa na kupwa, likashuke Nyamisati ndipo litafute gari. Anayenunua pale pale kijijini anamwondolea safari hiyo. Mfumo wa mlango mmoja unaomhesabia mtu wa delta makato sawa na mtu wa kando ya lami, kisha ukamwachia nauli ya maji mwenyewe, unamsukuma kwa mkono wake kuvunja sheria. Minada ilipohamia kwenye soko la bidhaa la TMX mwaka 2024, ushindani wa wanunuzi ulipata uwanja mpana. Ni hatua nzuri, lakini haijasogeza ghala karibu na mkondo wa mto hata hatua moja.

Limebaki suala la dhima, ambalo huzungumzwa kidogo kuliko yote. Katika miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikigawa salfa na viuatilifu vya korosho bila malipo. Wakulima wamefurahi, na mavuno yameonyesha kwa nini. Lakini bure ina swali lake. Salfa ikiwa mbovu, imechanganywa au imeisha muda, ubwiri unga ukakausha maua yote, nani anawajibika?

Kwa salfa iliyonunuliwa dukani jibu ni rahisi. Kuna mkataba wa mauziano, na sheria inamtaka muuzaji atoe bidhaa inayofaa kwa kazi yake. Kwa salfa ya bure hakuna mauziano. Mkulima hakununua chochote kwa mtu yeyote. Yuko kwenye nafasi ile ile ya Bibi May Donoghue wa Scotland, ambaye mwaka 1928 katika mji wa Paisley alinunuliwa kinywaji na rafiki yake, na kwenye chupa, kwa madai yake, mkatoka konokono aliyeoza. Hakuwa na mkataba na mwenye mkahawa wala na mtengenezaji. Mei 1932 Baraza la Mabwana la Uingereza lilisema, kwa kura 3 dhidi ya 2, kwamba mtengenezaji anayetoa bidhaa ikiwa imefungwa, bila nafasi ya kukaguliwa njiani, ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho hata kama hawajawahi kuuziana kitu. Miaka mitatu baadaye, kamati ile ya London ilitumia kanuni hiyo kwa daktari wa Adelaide, Dk. Grant, aliyepata ugonjwa mbaya wa ngozi kutokana na nguo za ndani za sufu zilizobakiwa na kemikali za salfa kiwandani. Mahakama Kuu ya Australia ilikuwa imemnyima haki mwaka 1933. London ikamrudishia mwaka 1935.

Kanuni hiyo ni sehemu ya sheria za nchi zilizorithi mfumo wa Kiingereza, Tanzania ikiwamo. Tatizo la Kibiti si kukosa kanuni, ni kukosa ushahidi. Dk. Grant alishinda kwa sababu nguo ilikuwa na mtengenezaji anayejulikana na kemikali iliyopimika. Salfa inayoshushwa ofisi ya kijiji, ikafunguliwa na kugawiwa kwa ndoo kulingana na idadi ya mikorosho, imeshapoteza jina la kiwanda na namba ya toleo kabla haijafika shambani. Mkulima akilalamika Septemba, ataambiwa alipulizia vibaya, na hatakuwa na la kujibu.

Na hiyo salfa si ya bure hata kidogo ukirudi kwenye hesabu ya mwanzo. Aliyebeba ushuru wa bandarini ameshachangia bei yake. Kumwita anayepewa msaada, kisha kumnyima haki za mnunuzi, ni kumhesabia mara mbili.

Marekebisho yanayohitajika hayahitaji fedha nyingi. Stakabadhi ya mkulima ionyeshe mistari yote: bei ya mnada, kila kato na anayelipokea, pamoja na makisio ya ushuru wa kusafirisha kwa kilo, hata kama haukatwi chamani. Sheria ya Fedha ya kila Juni iseme waziwazi ni sehemu gani ya ushuru huo ni kodi ya nchi na ni sehemu gani ni ya zao. Ile ya zao itolewe hesabu kwa vyama vya msingi kabla msimu mwingine haujafunguliwa, wala kiwango cha chini cha dola 160 kisiendelee kumbana mkulima mwaka ambao bei ya dunia imeanguka. Mfuko wa salfa ufike kijijini ukiwa umefungwa, namba yake ya toleo iandikwe kwenye daftari la ugawaji pembeni ya jina la aliyeupokea. Na kwa vijiji vya delta, gharama ya chombo hadi Nyamisati iingizwe kwenye gharama za usafirishaji za mfumo, kama inavyoingizwa ile ya lori kutoka Bungu.